Elimu Bila Ada si Elimu Bila Mzazi

(Maneno haya yalisemwa na mzazi mmoja wa wilaya ya Tarime, mama wa watoto wanne, katika mkutano wa wazazi uliokutana kuchagua wajumbe wa kamati ya shule ya msingi. Kwa ombi lake hatutaji jina lake wala jina la shule. Tunayapiga chapa kwa kuwa twaona yanafaa kusikiwa na wazazi wa shule nyingine pia.)



Nimesimama kuomba kura zenu. Nataka kuwa mjumbe wa kamati ya shule hii. Najua wako wazee waliokaa chini ya mti huu ambao tangu utoto wao hawakuzoea kumwona mwanamke akisimama katika ritongo kusema mambo ya watu wote. Wazee wangu, siwavunjii heshima. Lakini leo hatukukutana kwa ritongo. Tumekutana kama wazazi, na mkutano wa wazazi haumwulizi mtu kama ana ndevu. Unamwuliza kama ana mtoto. Mimi ninao wanne, na watatu kati yao wanasoma katika madarasa haya mnayoyaona nyuma yangu.

Basi naomba mnisikilize kidogo, kisha mniulize maswali, kisha mwamue.

KWA NINI NAGOMBEA

Nitawaambieni kisa kilichonitoa nyumbani. Binti yangu wa pili alikuwa akikaa dawati moja na msichana mmoja wa hapa kijijini. Watoto wale walikuwa kama ndugu. Mwenzake alikuwa hodari wa hesabu kumpita yeye, na jioni alikuwa akija kwangu kumfundisha binti yangu mafungu yaliyomshinda. Zikaja likizo za Desemba. Januari shule ilipofunguliwa, dawati likawa na mtoto mmoja.

Siku ya tatu binti yangu akaniuliza, "Mama, nani anayemtafuta?" Sikuwa na jibu. Nikaenda kwa mwalimu wa darasa. Mwalimu akafungua daftari la mahudhurio, akanionyesha: ameandika mtoro. Mwalimu yule ana watoto zaidi ya 80 katika chumba kimoja, sikumlaumu. Nikaenda kwa mjumbe mmoja wa kamati. Akaniambia, "Kamati haijakaa." Nikamwuliza itakaa lini. Akasema itakaa ikiitwa. Nikaenda kwa jirani wa yule mtoto. Jirani akacheka, akasema, "Wewe unauliza nini? Si ameshakuwa mwali!" Mwezi wa tatu nikasikia ng'ombe wamekwisha pokewa, na mtoto amekwisha ondoka.

Ndugu zangu, kila mtu alijua. Mwalimu alijua, jirani alijua, mjumbe alijua, na mimi nilijua. Aliyekosekana ni mtu wa kutumwa. Hakuna aliyepewa kazi ya kwenda kwenye ule mji na kubisha hodi na kusema, "Nimetumwa na wazazi wa shule. Mtoto wetu yuko wapi?" Nikakaa nikafikiri: mtu huyo wa kutumwa angepaswa kuwa nani? Ndipo nikatambua kwamba kazi ile ni ya kamati, na kwamba kamati ni sisi.

Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kugombea. Sababu nyingine zote zinatoka humo.

SHULE HII ILITOKA WAPI

Wako wanaosema, shule ni ya serikali, walimu ni wa serikali, ada imefutwa, mzazi anatafuta nini tena huko? Naomba tukumbushane tulikotoka.

Mwaka 1934 kijana mmoja wa Butiama, mwana wa Chifu Burito, alipelekwa Musoma kusoma katika shule ya Mwisenge. Kijana huyo ndiye Mwalimu Julius Nyerere. Mwaka huohuo wamisionari wa Kimennonite walifika Shirati, upande wa ziwa. Siku zile shule katika nchi yetu hii ya Mara zilihesabika kwa vidole. Mtoto mmoja alikwenda, mia wakabaki na ndama. Serikali ya mkoloni haikuona haraka yo yote.

Nani aliona haraka? Wazazi. Katika miaka ya 1950 wazazi wa Tanganyika waliunda chama chao, TAPA, wakajenga shule kwa mikono yao: miti, udongo, na nyasi. Wengi wao hawakujua kusoma hata jina lao. Walimlipa mwalimu kwa shilingi walizochanga. Hawakuambiwa na mtu kwamba shule ni yao. Waliona wenyewe, maana matope yalikuwa kwenye mikono yao.

Baada ya Uhuru taifa likachukua mzigo. Novemba 1974, hapa hapa mkoani kwetu, ndipo lilipotolewa Azimio la Musoma, kwamba ifikapo mwisho wa 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule apate nafasi ya elimu ya msingi. Wazee wengi mlioketi hapa ni watoto wa azimio hilo. Baadaye hali ya nchi ikawa ngumu, ada na michango ikarudi, na watoto wengi wa masikini wakarudi nyumbani. Mwaka 2001 serikali ikafuta ada tena, na mwaka 2002 ukaanza ule mpango wa MMEM. Katika nchi nzima watoto wa shule za msingi walikuwa kiasi cha milioni 4.4 mwaka 2000. Kufika 2005 walikuwa wamepita milioni 7. Kisha kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, tangu Januari 2016, elimu bila ada ikafika mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikafika kidato cha sita.

Haya yote ni mema, na mimi nayashukuru. Lakini, ndugu zangu, tazameni jambo moja. Baba zetu walipokuwa wakilipa kila kitu, walikuwa wakiuliza kila kitu. Sisi tulipoambiwa hatulipi ada, tukaacha kuuliza. Tumedhani elimu bila ada maana yake ni elimu bila mzazi. Hapo ndipo tulipopotea.

KAMATI NI KITU GANI

Sheria ya Elimu Namba 25 ya mwaka 1978 imeagiza kila shule ya msingi iwe na kamati. Shule za sekondari zina bodi. Sisi wa msingi tuna kamati. Mwalimu Mkuu ndiye katibu wake, na ndani yake wanaingia wajumbe wanaochaguliwa na wazazi. Wajumbe hao ndio mnaowachagua leo.

Nataka niseme wazi yale ambayo kamati haiwezi kuyafanya, kwa sababu nimesikia ahadi nyingi wiki hii. Kamati haiajiri walimu wa serikali. Kamati haimfukuzi Mwalimu Mkuu. Kamati haina fedha zake yenyewe za kujenga madarasa kumi. Mgombea akija nyumbani kwako akakuahidi kwamba ataleta walimu wanane, mpe kiti, mpe maji ya kunywa, lakini kura usimpe.

Kamati inaweza nini? Inaweza kuupitia mpango wa shule na makadirio ya fedha, ikakubali au ikakataa. Inaweza kusimamia fedha zinazoingia na kutoka. Inaweza kusimamia mahudhurio ya watoto. Inaweza kuwasemea walimu kwa serikali ya kijiji na kwa halmashauri, kwa mfano wanapokosa nyumba ya kulala. Na yapasa irudi mbele ya wazazi kutoa habari ya yote iliyoyafanya. Mambo hayo ni manne au matano tu. Lakini yakifanywa kweli, shule hubadilika.

HESABU ZA ZIZINI

Sasa nataka kusema na wanaume wa hapa.

Tata zangu, kila jioni ng'ombe wanaporudi, ninyi husimama mlangoni mwa zizi mkawahesabu. Mwenye ng'ombe 5 anahesabu, mwenye 50 anahesabu. Akikosekana ndama mmoja hamlali. Mtu akiwaambia, "Usihesabu, mchungaji ni mtu mwema," mtamwona hana akili. Mnahesabu, si kwa kuwa mchungaji ni mwizi, bali kwa kuwa ng'ombe ni wenu.

Basi nisikilizeni. Tangu Januari 2016, kwa mpango wa elimu bila ada, ruzuku ya mtoto mmoja wa shule ya msingi iliwekwa shilingi 10,000 kwa mwaka. Katika hizo, 4,000 zilibakizwa juu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 zikapangwa kuja moja kwa moja katika akaunti ya shule. Chukueni shule yenye watoto 800. Mara 6,000, ni shilingi 4,800,000 kwa mwaka, yaani 400,000 kila mwezi. Kwa mtoto mmoja mmoja, shilingi 6,000 ni kitu kidogo sana, na nasema wazi kwamba hazitoshi: chaki, karatasi za mitihani, kutengeneza madawati, yote humo humo. Lakini kwa kuwa ni kidogo, ndiyo sababu zaidi ya kuzihesabu. Mwenye ng'ombe mmoja akimpoteza mmoja, amefilisika.

Nawauliza: nani kati yetu anayeweza kusema mwaka jana shule hii ilipokea shilingi ngapi? Nyoosheni mikono. Naona hakuna. Hata mimi sijui. Tunajua idadi ya ng'ombe wa jirani, na fedha za watoto wetu wenyewe hatuzijui.

Simshitaki mtu. Mwalimu Mkuu yuko hapa, na ni mtu ninayemheshimu. Lakini wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari humlinda mwenye mali, na humlinda mchungaji pia. Mwalimu mwema asiye na daftari la wazi husingiziwa. Na mwalimu mbaya asiye na daftari la wazi hujificha. Wote wawili tutawatendea haki kwa jambo moja tu: kila miezi mitatu karatasi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, iandikwe kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa. Zimeingia kiasi hiki. Zimetoka kiasi hiki, kwa kazi hii. Zimebaki kiasi hiki. Jambo hili halina ugeni. Tangu siku za MMEM shule ziliagizwa kubandika mapato na matumizi mahali pa wazi. Mvua ilinyesha, karatasi ikachanika, nasi hatukuuliza nyingine.

Wengine mtasema, mama huyu amejifunza wapi mambo ya fedha? Nitawajibu. Akina mama wa hapa mnakijua kikoba chetu. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu wa nyumba tatu. Sanduku halifunguki mpaka wote watatu wafike, na fedha zinahesabiwa mbele ya macho ya kila mwanachama. Mimi ni mwandishi wa kikoba hicho mwaka wa sita sasa. Hatujapoteza shilingi, na hatujagombana. Wala si kwa sababu sisi ni malaika, la! Ni kwa sababu ya zile kufuli tatu. Nataka nizipeleke kufuli zile katika kamati ya shule.

HABARI YA UJI

Jambo la pili ni njaa ya watoto. Wako watoto hapa wanaoondoka nyumbani alfajiri bila kitu tumboni na kurudi saa tisa. Mtoto wa namna hiyo anaona ubao, lakini haoni kilichoandikwa.

Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima shuleni. Alikuwa na haki, maana katika shule nyingi mtoto alikuwa akirudishwa nyumbani kwa kosa la umasikini wa baba yake. Lakini wazazi wengi tulisikia nusu ya maneno. Tukasema, mchango umekatazwa, basi hata kibaba cha mahindi sitoi. Hasha! Kilichokatazwa ni kumlazimisha mzazi na kumfukuza mtoto. Wazazi kukaa na kukubaliana kwa hiari yao kuwalisha watoto wao wenyewe hakukukatazwa na mtu.

Mpango wangu ni huu. Baada ya mavuno wazazi tukutane, tukubaliane kipimo cha mahindi na maharage kwa kila mtoto. Asiye na mahindi alete kuni au aje kuteka maji. Asiye na nguvu kabisa, kama vile mjane mgonjwa au bibi anayelea yatima, asitoe kitu, na jina lake lisitajwe mkutanoni. Mahindi yapimwe mbele ya watu, yaandikwe daftarini, na ghala liwe na kufuli tatu. Na mtoto ye yote asinyimwe uji kwa sababu ya mzazi wake. Tukianza kumhesabia mtoto makosa ya baba, tutakuwa tumeirudisha ada kwa mlango wa nyuma.

JAMBO LILILO ZITO

Sasa nakuja kwenye jambo zito. Naomba wazee wangu mnivumilie.

Mnajua kwamba katika Tarime na Serengeti msimu wa kukeketa wasichana kwa kawaida umekuwa Desemba, na hasa miaka ya shufwa. Ilikuwa hivyo 2014, ikawa hivyo 2016, na 2018. Desemba shule zimefungwa, mahudhurio hayaandikwi, mwalimu amekwenda kwao. Januari tunahesabu madawati.

Sitasimama hapa kuwatukana mama zetu. Mimi mwenyewe nilipitishwa huko kwetu nikiwa msichana mdogo, na mama yangu ndiye aliyenishika mkono. Mama yangu alinipenda. Alifanya alilofanyiwa yeye, kwa kuwa hakuona njia nyingine ya kunifanya mtu mbele ya watu. Lakini mimi nimeona njia nyingine. Niliacha shule darasa la tano. Kusoma vizuri nilijifunza ukubwani, kwa ajili ya daftari la kikoba. Miaka ile niliyopoteza hakuna ng'ombe anayeweza kuilipa.

Sheria iko wazi. Tangu 1998 kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai. Tangu 2016 sheria ya elimu imekataza kumwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au ya sekondari, na kifungo chake ni miaka 30. Na tangu Novemba 2021 msichana aliyepata mimba anaruhusiwa kurudi shuleni baada ya kujifungua. Pia nyumba za kuwahifadhi wasichana wanaokimbia zimekuwako Masanga, hapa Tarime, na Mugumu, kule Serengeti. Wala msidhani hakuna kinachobadilika. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta wanawake 32 katika kila 100 wa mkoa wa Mara wamekeketwa. Ule wa 2022 ukakuta 28. Tunakwenda, lakini tunakwenda kama kobe, na binti zetu wanakua upesi kuliko kobe.

Kamati ya shule si polisi, wala si mahakama. Mimi sitakuja kumkamata mtu. Lakini kamati inayo haki ya kujua kila mtoto aliyeandikishwa yuko wapi. Nikichaguliwa nitaomba kamati ifanye mambo mawili. La kwanza, kabla ya kufunga shule mwezi wa kumi na mbili, wajumbe wapite kwa kila mzazi mwenye binti wa darasa la nne mpaka la saba, waagane naye kwa heshima, wamwambie, "Tunamngoja Januari." Maneno hayo tu. Mzazi akijua kwamba anangojewa, hufikiri mara mbili. La pili, katika juma la kwanza la Januari kamati ikae bila kungoja kuitwa, isome majina darasa kwa darasa, na kila jina lisiloitika lipate mtu wa kutumwa. Jioni ileile. Si mwezi wa tatu.

Na kwa wavulana ni vilevile. Mvulana aliyetolewa shuleni kuchunga, au aliyekwenda kuchokoa mawe ya dhahabu, naye pia ni jina lisiloitika.

WANAOSEMA MIMI NI MGENI

Nimesikia maneno ya pembeni. Ati huyu mama si wa ukoo wetu, ametoka ng'ambo ya mto, kesho atawapendelea watu wake. Ni kweli. Mimi ni binti wa Wangoreme, nilizaliwa wilaya ya Serengeti, kusini ya mto Mara. Ng'ombe wa baba yenu mkwe walivuka mto kunifuata mimi, na sijapata kusikia kwamba ng'ombe wale waliitwa wageni huko walikokwenda!

Lakini tuache mzaha. Koo za nchi hii zimepigana kwa ajili ya mipaka na mifugo, na mnajua waliolala mashambani wasirudi nyumbani. Siku za mapigano, ni nani wanaokaa nyumbani bila kusoma? Ni watoto wa koo zote mbili. Katika daftari la mahudhurio hakuna ukoo; kuna jina, na alama ya yupo au hayupo. Kamati ikigawanyika kwa koo, itakuwa imeleta ugomvi wa malisho ndani ya darasa. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Labda mtu asiye na ndugu wa kumfichia ndiye anayefaa kushika ufunguo mmoja kati ya ile mitatu.

NINACHOWATAKA NINYI

Ndugu zangu, nimeomba kura, nami yafaa niseme deni mtakalokuwa nalo mkinipa.

Msinichague mkaenda kulala. Mkinichagua leo na mkutano ujao mkaja watu kumi, nitakuwa sina nguvu yo yote, hata nikiwa na maneno matamu kama asali. Nguvu ya mjumbe ni wazazi waliokaa nyuma yake. Njooni mikutanoni, akina baba pia, maana naona kila mara wanaokuja ni mama. Someni karatasi ya ubaoni. Asiyejua kusoma amwambie mtoto wake amsomee, na hapo mtoto naye atajifunza kwamba fedha za watu wote husomwa hadharani. Msimtukane mwalimu mbele ya mtoto. Na mkiona mimi mwenyewe nakwenda kombo, niiteni papa hapa chini ya mti mniulize. Nikikasirika, niondoeni.

Wala simsemi vibaya mgombea mwingine ye yote. Wote ni wazazi, na wote wana watoto hapa. Mkimchagua mwingine, nitampigia makofi. Ila Januari nitakwenda nyumbani kwake siku ya pili tu ya kufungua shule, nimwulize kama majina yamesomwa.

Yule rafiki wa binti yangu sasa ni mama. Juzi nilikutana naye mnadani, amembeba mtoto mgongoni. Nilikuwa nanunua dagaa, na mwuzaji akakosea chenji. Binti yule akasimama nyuma yangu, akaihesabu kwa kichwa upesi kuliko mwuzaji, akasema, "Mama, wamekupunja mia tatu." Kweli zilikuwa zimepungua mia tatu. Akili ile bado anayo. Iko pale mnadani, inahesabu chenji za watu.

Nilimwambia kwamba siku hizi mlango uko wazi, anaweza kurudi kusoma. Akaniuliza swali lilelile la binti yangu, lakini kwa namna nyingine. Alisema, "Mama, na nani atakayenipeleka?"

Ndugu zangu wazazi, mimi naomba kuwa mmoja wa watu wa kumpeleka. Hicho ndicho kiti ninachokiomba. Hakina mshahara, hakina gari, na katika kijiji hiki hakina hata kivuli zaidi ya mti huu. Lakini kikikaliwa na mtu aliyelala, watoto hupotea mmoja mmoja, na hakuna anayetumwa.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Wazazi wenzangu, ulizeni maswali yenu, kisha mpige kura kwa haki.